Emi Tanzia na Shati Jekundu la Mzee Masolwa

Ukipigiwa simu na Emilian, kitu cha kwanza kutoka mdomoni sio "haloo". Ni "nani?" Na hapo humuulizi yeye ni nani, maana namba yake umeisevu, imekaa kwenye simu yako kama ilivyokaa kwenye simu za nusu ya manispaa ya Tabora: Emi Tanzia. Unauliza nani kafa.

Mimi nimekaa naye fremu moja ya duka pale Mtendeni mwaka wa nne sasa, yeye meza ya dirishani na laptopu yake, mimi meza ya mlangoni na vocha zangu na kava za simu. Kwa hiyo haya sijahadithiwa. Nimeyaona nikiwa nimekaa, nikitafuna karanga.

Emi ana miaka ishirini na tisa, mrefu, mpole kupita kiasi, na sauti ya mtu anayetoa pole hata akiagiza chai. Ni dizaina. Akikuambia hivyo mwenyewe anatazama chini, kwa sababu anajua unachowaza. Unawaza ile picha nyeusi inayoingia kwenye grupu la familia asubuhi: mshumaa kushoto, njiwa kulia, picha ya marehemu katikati, neno TANZIA kwa rangi ya dhahabu. Ndiyo. Zile karibu zote anatengeneza yeye.

Hakuanza kwa kupenda. Baba yake alipofariki, steshenari moja mjini iliwaletea tanzia yenye picha ya baba mdogo, ambaye alikuwa amekaa palepale msibani anakunywa uji. Emi akaomba kompyuta ya rafiki, akatengeneza nyingine mwenyewe, macho yamevimba. Ikatoka nzuri mno. Watu wakalia upya walipoiona. Wiki iliyofuata jirani akafiwa, akaja: "Tutengenezee kama ya baba yako." Utakataaje? Akatengeneza. Hiyo ni miaka saba iliyopita na hajawahi kutoka.

Kwenye laptopu yake kuna folda inaitwa SUTI. Nawaambia ukweli, nilipoifungua mara ya kwanza nilicheka hadi nikakaa chini. Familia zinaleta picha ya marehemu amevaa fulana ya kampeni, au yuko bar, au amebeba mbuzi. Emi anakata kichwa, anakiweka juu ya suti. Suti zipo kama arobaini, lakini ile ya bluu ndiyo inapendwa. Kama unaamini picha, nusu ya wanaume wa Tabora wamekwenda mbinguni na suti moja wakipokezana.

Sasa huyu Emi ana mchumba, Magreth, na Magreth ana mama. Mama Josepha. Analima mahindi na karanga kule jirani na seminari ya Kipalapala, ni katibu wa jumuiya, na yuko kwenye magrupu kumi na manne ya wasapu, yote akiwa hai humo kuliko wenye magrupu. Habari ikipita kwa Mama Josepha saa mbili, saa tatu Mwanza wanayo.

Mara ya kwanza Emi kumpigia mama mkwe mtarajiwa, alikuwa amejiandaa wiki nzima. Amesafisha koo, amesimama kabisa, kwa heshima, kama anaonekana. Simu ikapokelewa. Emi akavuta pumzi aseme shikamoo. Upande wa pili ukapigwa ukunga hata sikio langu la mlangoni likauma, kikaanguka kitu cha bati, simu ikakatika. Kumbe mama aliisevu namba ya Emi toka msiba wa kaka yake. Toka siku hiyo Emi akawa haimalizi shikamoo yake kwenye simu ya yule mama.

Msimamo wa Mama Josepha tuliletewa na Magreth mwenyewe, akiuma kucha. Mama hana neno na kijana. Kijana ana adabu, anasali, halewi. Ila binti yake hawezi kwenda kuitwa mama Tanzia, na wajukuu zake waitwe watoto wa Tanzia. Siku Emilian atakayokuwa na kazi nyingine na jina lingine, alete mshenga. Kabla ya hapo asilete hata salamu.

Basi mchongo ukaja kutoka Ghala.

Ghala ni nyumba ya sanaa. Zamani lilikuwa ghala la tumbaku kweli, ukiingia siku ya joto pua bado inakuambia. Anayeiendesha ni Madam Consolatha, amesoma nje, anavaa hereni kubwa na anaongea taratibu kiasi kwamba hujui kama anakusifu au anakufukuza. Alikuwa na mpango wa vitabu saba, kila kimoja cha msanii mmoja wa njia ya zamani ya misafara, kuanzia huku kwetu mpaka Ujiji. Alitafuta dizaina wa vitabu vyote saba. Kwanza akampa Emi mtihani: rasimu ya kitabu cha msanii wa kwanza, na kabla yake tangazo la maonyesho yake.

Msanii mwenyewe Mzee Mathias Masolwa wa Puge. Anachonga. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa kichwa na akarudi kwa miguu, na mzee amechonga wapagazi thelathini na saba wa mti wa mninga, kila mmoja na mzigo wake. Vinyago vilikuwa vimeshaletwa Ghala, na mpiga picha alishakwenda Puge kumpiga picha mzee. Kazi ya Emi ilikuwa moja tu: kuviunganisha vitu hivyo kwenye karatasi.

Sijawahi kumuona mtu anataka kitu vile. Alifunga folda ya SUTI kama mtu anayeacha sigara.

Tangazo la kwanza lilikuwa na rangi saba, nyota, maua pembeni na jina la mzee linang'aa. Madam akajibu: "Hii kadi ya harusi, Emilian. Nani anaoa? Punguza." La pili akaondoa maua, akaweka mzee anatabasamu juu ya bendera ya kijani. Akajibiwa kwamba mzee hagombei udiwani. Punguza. La tatu, punguza. La nne, punguza. Ikafika mahali nikamwambia atume karatasi tupu, tuone kama nayo ataambiwa apunguze. Hakucheka. Alikuwa amekonda shingo. Akisikia simu ikitoa mlio, anaigeuza kifudifudi kwanza ndiyo anaitazama.

Jumatano asubuhi akakaa, akaacha kufikiri, mkono ukaenda wenyewe. Nilimuona. Dakika kumi na moja. Picha ya mzee akaiondoa rangi yote, ikabaki nyeusi na nyeupe. Nyuma weusi mtupu. Chini, kwa herufi nyembamba nyeupe: MATHIAS MASOLWA. Chini yake: 1941 –. Halafu Jumamosi, saa nne asubuhi, Ghala. Basi.

Hicho kistari kisicho na mwisho kilikuwa agizo la Madam, alisema kinaonyesha kwamba msanii bado anaendelea. Huko alikosoma labda. Hapa kwetu kistari kisicho na mwisho kinaonyesha kwamba dizaina bado hajapewa tarehe.

Nikaja nikasimama nyuma yake, nikaitazama ile kazi.

"Emi," nikamwambia, "mshumaa uko wapi?"

Hakugeuka.

"Kausha," akasema, yaani ninyamaze.

Kwa hiyo alijua. Nataka hilo likae wazi, kwa sababu baadaye watu walimtetea sana. Tanzia inamchukua dakika kumi na moja, na alijua mkono wake umetoa nini. Akaituma hivyohivyo.

Madam Consolatha alijibu kwa maneno mawili: "Hapo sasa." Emi alinisomea maneno hayo mawili mara sita, kwa sauti tofauti. Halafu, kwa furaha, akafanya kitu ambacho hata mimi mwenye mdomo huu sikuwahi kumzuia. Akalituma lile tangazo kwa Mama Josepha. Aliandika vizuri kabisa chini yake: shikamoo mama, hii ndiyo kazi yangu mpya niliyoipata.

Lakini wasapu inatangulia picha, maneno yanafuata. Na picha ilitoka namba gani? Tiki zikawa bluu. Mama Josepha akajibu kwa mikono miwili ya sala na maneno: "Raha ya milele umpe ee Bwana."

Emi akaniangalia. Mimi nikaangalia karanga zangu.

Kabla sijauza vocha tatu, picha ikaingia kwenye simu yangu, grupu la wapangaji, kutoka kwa mtu aliyeko Kahama, na juu imeandikwa kwamba imetumwa mara nyingi. Mtu alishaongeza kuwa ibada ni Jumamosi saa nne. Mwingine kaongeza kuwa marehemu alisumbuliwa na kifua. Kifua kimetoka wapi, Mungu ndiye anajua.

Emi akampigia binti wa mzee akanushe haraka. Binti alikuwa gulioni Nzega, na namba ya Emi anayo toka msiba wa mumewe. Akaona jina kwenye kioo, akaanza kulia kabla hajapokea. Kukanusha kifo kwa namba ya Emi Tanzia ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Saa sita mchana Madam akapiga, taratibu kama kawaida yake, akasema: "Emilian, nenda Puge." Halafu akaongeza kwamba kitabu cha kwanza anataka akione kesho yake, Alhamisi, kabla ofisi hazijafungwa. Kitabu chote kilikuwa ndani ya laptopu. Emi akaivaa begani, nikafunga meza yangu, tukaenda stendi. Ningeikosaje hiyo?

Tulipofika Puge turubai lilishasimama. Tukaambiwa mzee mwenyewe ndiye alisaidia kulisimamisha. Alitoka shamba na jembe begani, akakuta watu wanahangaika na mlingoti uani kwake, akaushika, akauliza msiba wa nani. Aliyekuwa ameshika upande wa pili aliachia akakimbia.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe cha kuchonga, amevaa shati jekundu, jekundu kweli, la mikono mirefu, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Watu walioleta pole wanashindwa wafanye nini nayo. Kina mama wa jumuiya walikuwa wameshabandika maharage, na huwezi kuyabandua maharage kwa sababu tu mtu hajafa. Katikati yao, na kilemba cha msibani, mwiko mkononi: Mama Josepha. Alikodi bodaboda kutoka Kipalapala kuja kumlilia mtu aliyemuua yeye mwenyewe, kwa kidole cha kusambaza. Alipomuona Emi akageuza uso upande wa jiko.

Ila kiboko ya wote alikuwa Issa.

Issa ana bucha Nzega. Ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu wapagazi wetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo. Mnajua mtani akija msibani. Anavaa nguo za marehemu, anamuigiza anavyotembea, analala mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe chake, na ukikasirika wewe ndiye umeaibika. Issa aliwahi kufika. Alikuta kofia ya mzee na fimbo ya mzee, akavivaa, alikuwa katikati ya kumuigiza anavyokohoa, wafiwa wameanza kucheka na machozi, ndipo mzee akatokea na jembe. Kila mtu alidhani Issa atavua ile kofia. Hakuvua. Akasema yeye amefunga bucha, msiba umetangazwa, na msiba uliotangazwa hauishi hivihivi kwa sababu ya uzembe wa marehemu.

Akatuona tunaingia. Akauliza yupi ndiye fundi wa tanzia. Mikono kama ishirini ikamuonyesha Emi. Issa akamvua begi begani, kwa upole kabisa, kama anampokea mgeni mzigo, akalikalia.

Ndani ya lile begi kulikuwa na laptopu. Ndani ya laptopu, kitabu cha kesho. Ndani ya kitabu, vitabu sita vingine, na mshenga, na Magreth. Emi alinyoosha mkono akaurudisha. Huwezi kumvuta mtani. Huwezi hata kumkunjia uso. Akabaki amesimama na mikono inaning'inia, kila upande watu, na jua linawaka.

Mzee akamwita kwa kidole.

"Wewe ndiye uliyeniua?"

"Shikamoo babu. Ndiyo, ni mimi."

"Marahaba. Shati langu liko wapi?"

Emi hakuelewa. Mzee akatoa karatasi mfukoni, mtu alikuwa amemprintia lile tangazo, akalinyoosha juu ya goti. Akaeleza kwamba shati hili alilinunua mnadani, kwa ajili ya siku ile ya kupigwa picha, na hajawahi kupigwa picha na mtu aliyekuja makusudi kwa ajili yake. Alichagua rangi hii aonekane kwa mbali. Alipoambiwa amekufa hakuona ajabu, kufa watu wanakufa kila siku, na maharage alikuwa anayataka. Lakini akaiangalia picha akaona kijana kamvua.

"Nimechonga watu thelathini na saba," akasema. "Mmoja nimempa kiko. Mmoja nimempa kidonda mguuni, maana babu alikuwa akimtaja. Mmoja ana chungu kinachovuja. Hakuna hata mmoja niliyemvua alichovaa."

Emi akalitazama begi chini ya Issa. Mimi niliwaza ile folda, na najua naye aliwaza hiyohiyo. Suti ya bluu. Wanaume wote wale, na yule aliyekuwa amebeba mbuzi.

Issa ndiye aliyekata kesi. Alisema wauaji ni wawili, aliyetengeneza na aliyesambaza, kwa hiyo fidia ni ya watu wawili. Fundi amrudishie marehemu shati lake, hapahapa, watu wote wakiona. Na mama wa jumuiya alisambaze kwa mkono wake, kila alikolisambaza lile la kwanza. Bila hivyo yeye begi ndiyo amelipenda, lina joto zuri. Watu wakashangilia. Mama Josepha akaangalia mwiko wake kama unaweza kumsaidia.

Basi Emi akakalishwa kwenye kinu kilicholazwa, akapewa laptopu bila begi, akaiweka juu ya sufuria iliyofunikwa. Jua likawa linapiga kioo, haonekani mzee wala shati. Mama Josepha akavua kitenge chake cha juu, akasimama nyuma ya mchumba wa binti yake, yule aliyekatazwa hata kuleta salamu, akakitandaza juu ya vichwa vyao kama kibanda. Akawa humo naye. Hakuwa na pengine pa kutazama ila kwenye kazi.

Nje ya kitenge kila mtu akawa dizaina. Ongeza maua. Ongeza njiwa. Weka ng'ombe, mzee alikuwa na ng'ombe. Weka picha ya kanisa. Mjini alikuwa akiambiwa punguza, huku anaambiwa ongeza, na katikati ya maneno hayo mawili yupo yeye, jasho linamtoka puani, kidole hakisogei. Nilidhani atalia.

Halafu akaanza. Taratibu, sio kwa zile dakika kumi na moja. Akairudisha picha ilivyotoka kwa mpiga picha. Shati likawaka. Weusi wa nyuma akautoa, akaacha weupe mtupu. Miaka akaifuta, na kistari chake. Akaacha jina.

"Sikio la kushoto umelikata," Mama Josepha akasema kutoka juu.

Kweli. Alikuwa amelikata ncha. Miaka saba anakata masikio ya watu, hakuna marehemu aliyelalamika. Akarudi nyuma, akalizungushia sikio upya, polepole, kunyanzi kwa kunyanzi, na mama anamuelekeza, hapo, sio hapo, shuka kidogo. Nusu saa nzima walikuwa ndani ya kile kitenge wanatengeneza sikio.

Alipogeuza laptopu watu wakasogea. Mzee aliinuka kwenye kigoda, akaja akasimama mbele ya laptopu, akajitazama kwenye kioo, akaangalia kifua chake, akatazama tena. Akagusa kifungo cha juu. Akarudi kukaa.

Ile kazi haikuwa harusi, haikuwa kampeni, haikuwa msiba. Sijui ilikuwa nini. Ilikuwa Mzee Masolwa.

Mama Josepha akaituma. Magrupu kumi na manne, mojamoja, kwa kidole kilekile, na maneno juu kwamba mzee ni mzima. Issa anahesabu kwa sauti. Majibu yakaanza kuingia, mama akayasoma kwa sauti maana Issa alimlazimisha. "Poleni sana wafiwa." "Raha ya milele umpe ee Bwana." "Jamani, na huyu tena?" Issa aliangukia kwenye kamba ya turubai. Mama akaacha kuandika, akaanza kutuma sauti: mzee ni mzima, namuona hapa, anakula ugali, sikilizeni anavyotafuna. Jibu la kwanza kuingia likasema: "Mungu amtie nguvu mama huyu, msiba umemchanganya."

Hapo ndipo nilipomuona Mama Josepha anamtazama Emi usoni kwa mara ya kwanza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia chumbani na mwenzake, mlango ukajifunga nyuma yao.

Jumamosi Ghala lilijaa hadi nje. Nusu walikuja kuzika, nusu walikuja kuhakikisha. Mzee alisimama mlangoni na shati lake, pembeni ya tangazo lake jeusi, watu wakapiga picha na wote wawili. Kisha wakaingia ndani wakatulia mbele ya wapagazi. Nilimuona mwanamke mmoja wa Puge amechuchumaa mbele ya yule mwenye kidonda mguuni, anakitazama kwa muda mrefu kama anatafuta dawa.

Madam Consolatha alikuwa haamini. Toka wafungue hawajawahi kupata watu wale. Akamwita Emi ofisini, nami nikaingia kwa kujifanya nimebeba begi lake. Akasema kitabu cha Alhamisi amekiona, kazi ni yake. Vitabu vyote saba. Majalada yote kama lile tangazo: nyeusi, picha isiyo na rangi, jina.

Emi akamuonyesha lile la Puge. Madam aliliangalia sana, hereni zimetulia. Ni mtu wa haki, sitamsema vibaya. Alisema hili ni zuri kuliko lile. Lakini wafadhili wameshaliona lile, wamelipenda, na vitabu saba lazima vifanane.

"Hata shati tu?" Emi akauliza. "Weusi ubaki. Shati peke yake liwe jekundu."

Madam akafikiri. Alifikiri kweli.

"Punguza," akasema.

Emi akasaini. Mkononi mwake kalamu ilisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake akageuka asione mtu. Kisha ikamalizia.

Sasa hivi asubuhi anafanya vitabu, mchana anafanya tanzia, maana waliofiwa hawakuacha kuja, na siku hizi wanaomba "iwe kama ya Masolwa". Nikipita nyuma yake sijui ni kitabu au ni tanzia mpaka nisome. Kitu kimoja kimebadilika: folda ya SUTI ameifuta. Familia zinalalamika. Anawaambia marehemu atakwenda na alichovaa. Juzi tumemzika mzee wa watu na mbuzi wake mikononi.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwezi uliopita. Tulikipeleka Puge wenyewe. Mzee Masolwa alikigeuza mbele na nyuma. Akaingia ndani, akatoka na karatasi nyekundu ya kalenda ya zamani na kisu chake cha kazi. Akakivika jalada, akakunja pembe, kama tulivyokuwa tunavika madaftari shuleni, akakiweka juu ya redio.

Tulivyorudi Mtendeni Emi akasimama katikati ya fremu, akasafisha koo, akampigia Mama Josepha. Aliweka sauti ya nje, labda alitaka shahidi. Ikaita mara nne. Ikapokelewa. Tukasubiri ukunga, haukuja. Wakasikika kuku.

"Nani?" akauliza mama.

"Hakuna mama, hakuna aliyekufa. Kitabu kimetoka. Jina langu lipo ukurasa wa pili, Emilian, jina zima."

Kuku tena.

"Kama hakuna aliyekufa, umepigia nini?"

Emi akaniangalia. Nilimuonyesha kwa mkono: sema, mama bado yupo, hajakata. Akanyooka, akasimama vizuri kama siku ile ya kwanza.

"Shikamoo mama."

Akawafukuza kuku kwanza.

"Marahaba baba," akasema Mama Josepha. Tukasikia kigoda kikivutwa. "Haya, mimi nimeshakaa chini. Usinifiche sasa. Ni nani?"